Msumeno wa Amana

Wametusimulia wazee wetu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi seremala mcha Mungu aitwaye Dhakwan, aliyefanya kazi katika chumba kimoja cha nyumba yake. Na chumba hicho, enyi ndugu zangu, kilikuwa na adabu kuliko sebule za wengi wetu. Ukutani alipiga vigingi, na chini ya kila kigingi alichora kwa mkaa umbo la chombo chake: hapa randa, hapa tezo, hapa patasi. Jua lilipotua, kila chombo kilikuwa kimesharudi mahali pake. Sisi tunaotafuta nyundo nusu siku, kisha tukaikuta chini ya gunia la vitunguu, tunyamaze tu.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa vyombo vyake. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa amana, yaani vyombo ambavyo mafundi wenzake waliosafiri au kuhama walimwachia awatunzie. Vyombo hivyo vya amana hakuvitumia kwa kazi yoyote. Alivifunga vitambaa, na mkewe, Bibi Rubab, Mwenyezi Mungu amrehemu, alivifungua mara kwa mara akavipaka mafuta visishike kutu. Watu walisema, "Kwa Dhakwan hakipotei kitu." Naye aliyasikia maneno hayo na kuyafurahia, pengine kupita kiasi.

Mwaka mmoja akaombwa atengeneze mimbari ya msikiti wa Ijumaa. Kabla hajaanza, ukaingia mwezi wa Shaabani, na kwa desturi yao ya kuipokea Ramadhani wakaipaka nyumba chokaa. Vyombo vyote vikashushwa uani, hata vya amana vikafunguliwa vitambaa, michoro ya mkaa ikapotea chini ya chokaa, kisha vyombo vikatundikwa upya. Dhakwan akaishika kazi ya mimbari, akipasua mbao kila siku huku amefunga.

Ilipobaki siku moja mimbari ipelekwe msikitini, Bibi Rubab alikuwa akivipaka mafuta vyombo vya amana. Akafungua kitambaa kimoja, akashtuka.

"Mume wangu, hebu njoo. Msumeno huu mpini wake una alama ndogo ya moto kwa chini. Si ndio wako, ule uliounguzwa na jiko langu?"

Dhakwan akautazama msumeno aliokuwa nao mkononi. Mpini wake ulikuwa mzima. Ulikuwa wa Jundub, seremala mwenzake aliyehamia kijijini kwa binti yake miaka miwili nyuma. Misumeno yote miwili ilitoka kwa mhunzi mmoja, na siku ya chokaa yeye na mkewe waliichanganya bila kujua.

"Inna lillahi!" akasema. "Mimbari nzima nimeikata kwa kitu cha mtu bila idhini yake, na meno yake nimeyatia tupa hata yamepungua."

Msimamizi wa msikiti, aliyekuja kuitazama kazi, akamtuliza. "Fundi, usijisumbue. Ulikosea tu, na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Upake mafuta, uutundike. Nani atajua?"

"Kukosea huenda nimesamehewa, Sheikh," akajibu Dhakwan. "Huku kujua na kunyamaza, je? Mimbari haitoki humu mpaka mwenyewe aridhie."

Wala tusidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Jundub alikuwa mtu mkali, na jina zuri alilolijenga Dhakwan kwa miaka ishirini lingeweza kuvunjika kwa siku moja, watu wakasema amekula amana. Hata hivyo aliuchukua msumeno begani, akatembea na swaumu yake, akafika kijijini baada ya alasiri. Jundub alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika joho. Dhakwan akatoa salamu, akamweleza kisa chote bila kujitetea.

Jundub akautazama msumeno ule. Kisha akauliza, "Umekata nini kwa msumeno wangu?"

"Mimbari ya msikiti wa Ijumaa. Ngazi zake zote."

Mzee yule akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akautoa ndani ya joho. Ulikuwa umepooza.

"Tangu nije huku sijapasua hata kuni," akasema. "Kila nikisujudu namwambia Mola wangu: Ya Rabbi, mkono umeuchukua, usininyime fungu langu katika kujenga nyumba Zako. Nikadhani hakunijibu." Machozi yakamtoka. "Nimekusamehe, ndugu yangu, na msumeno nimekupa. Lakini ungenyamaza, ningekufa bila kujua."

Wakalia wote wawili. Na Ijumaa ile mimbari ilikuwa mahali pake, Jundub ameketi safu ya mbele, kwani Dhakwan alimpandisha punda akamleta mpaka mjini.

Basi neno lile lile ambalo Dhakwan aliogopa lingemvunjia heshima lilikuwa jibu la dua ya mtu aliyekaribia kukata tamaa. Nawe, ndugu yangu, ukiona nyumbani kwako kitu cha mwenzako kimekaa hata umeanza kukiita chako, ondoka leo hii ukirudishe, na umweleze ukweli wote. Hujui ameusubiri tangu lini.