Ngumi Iliyobaki Juu

Fungeni Biblia zenu kidogo, wapendwa, tutazifungua tena. Leo nawapeleka uwanjani.

Palikuwa na kijana mmoja mcheza mpira wa kikapu. Mama zangu wa safu ya mbele, msinikimbie. Ni ule mpira wa kudunda kwa mkono, ringi iko juu, vijana warefu wanarukaruka. Mnaujua, wajukuu wenu wanaucheza nyuma ya shule na kuwavunjia vioo. Basi kijana huyu alikuwa anaruka mpaka watu wanasahau kufumba midomo. Akishapanda, unabaki kujiuliza atashuka saa ngapi.

Siku ninayowaambia ilikuwa fainali. Timu itakayoshinda inavaa jezi ya mkoa na kwenda kucheza mashindano ya taifa. Itakayoshindwa inarudi nyumbani kufua jezi zake. Na kijana huyu alikuwa mwaka wake wa mwisho kucheza na vijana; mwakani umri unamkataa. Tangu akiwa mtoto alitaka kitu kimoja tu, kuvaa ile jezi ya mkoa, na nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Uwanja umejaa, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta, na wote ni watu wake. Wageni wamekuja kwa lori la kukodi, hawana hata shabiki mmoja wa kuwapigia makofi.

Zimebaki sekunde chache. Timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Kocha anaomba mapumziko mafupi, anamshika kijana mabega.

“Mwanangu, huu mpira ni wako. Pita katikati. Usimtazame mtu, tazama ringi.”

“Sawa, kocha.”

“Nani wa kukuzuia?”

“Hakuna!”

Tusimcheke kocha. Mtoto wetu akienda kuanza kazi mjini, si ndivyo tunavyomwambia sisi wazazi? Tazama ulichokifuata, usitazame mtu. Haya, tuendelee.

Kijana akapokea mpira. Akamwacha wa kwanza, akamwacha wa pili. Mbele yake akabaki mlinzi mmoja wa wageni. Huyo alikuwa ametangulia kufika pale, amekanyaga imara, mikono ameikunja kifuani, hasogei huku wala kule. Kijana alimwona? Hakumwona. Macho yake yalikuwa juu. Akaruka. Bega lake likafika kwanza kifuani mwa yule mlinzi, puu, ndipo mpira ukaondoka mkononi. Na mpira ule, jamani, ulikwenda vizuri! Ulipita katikati ya ringi bila kugusa chuma, wavu ukatikisika tu. Honi ya mwisho ikalia.

Mmeshawahi kuona watu wakipagawa kwa furaha? Ukuta ule nusura uanguke. Akina mama wakapiga vigelegele, vijana wakamiminika uwanjani, kocha akarusha kofia yake na hakuiona tena. Kijana akabebwa juujuu mabegani, analia kwa raha. Huko juu alikuwa anauona uwanja mzima. Vichwa vyote vinacheza, mikono yote inapunga. Isipokuwa mkono mmoja.

Pembeni mwa ringi alikuwa amesimama mwamuzi, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu, na vidole vimefungwa ngumi. Katika mchezo ule, ngumi ikiwa juu maana yake ni kwamba saa isimame, kuna mtu amechezewa faulo. Filimbi alikuwa ameipiga kabla ya honi, ila makelele yaliimeza. Hakuipiga tena. Hakukimbizana na mtu, hakupaza sauti. Alisimama tu na ngumi yake.

Kijana akamwona. Watu walikuwa wanampiga vikumbo yule mama wakipita kucheza, mmoja akampungia bendera mbele ya uso, na ngumi haishuki. Mtu mmoja, wapendwa! Uwanja mzima unasema ndiyo, mkono mmoja unasema hapana, wala hautetemeki. Kijana alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuogopa kitu namna ile maishani mwake. Hakuogopa adhabu. Aliogopa kwa sababu uso wa yule mama haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa umetulia tu, unasubiri. Aliyekuwa karibu na yule mama akamwona, akanyamaza. Akanyamaza na wa pili, na waliokuwa nyuma yao, kimya kikatambaa mpaka kikafika juu ya ukuta. Wakamshusha kijana polepole.

Hapo ndipo mwamuzi akatoa ishara ya pili. Akaipiga ile ngumi kwenye kiganja cha mkono wake mwingine, maana yake, mwenye mpira amemgonga aliyesimama. Kisha akaielekeza ngumi upande wa pili wa uwanja: mpira unarudi kwa wageni, na kikapu hakihesabiwi. Akaigeukia meza ya wanaoandika, akawaonyesha vidole vitano na viwili. Kijana akajitazama kifuani. Jezi yake ilikuwa namba saba.

Akamkimbilia, jasho na machozi pamoja.

“Mama, usituonee! Kikapu kimeingia, kila mtu ameona!”

“Labda kimeingia. Mimi sikukiona.”

“Hukukiona? Sasa unakataaje kitu ambacho hukukiona?”

“Wa kuangalia mpira walikuwa wengi, mwanangu,” mama akamjibu taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. “Mimi nilikuwa naangalia miguu ya yule.”

“Yule nani?”

Mwamuzi akamwonyesha kwa kidevu.

Kijana akageuka. Chini ya ringi alikuwa amekaa yule mlinzi, amejishika kifua, anatafuta pumzi, na mwenzake mmoja anampepea kwa taulo. Watu waliokuwa wakishangilia walikuwa wanamruka tu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mfano huu unaponiumiza. Kijana yule hakuwa anajifanya. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa hajui kabisa kwamba amemgonga mtu.

Akachuchumaa mbele yake. “Kumbe nilikuumiza?”

“Nilikuwa nimesimama tu,” yule akasema.

Kijana akasimama. Akampa mkono, akamwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni. Saa ikarudishwa nyuma sekunde mbili, wageni wakaanzisha mpira, honi ikalia tena. Jezi ya mkoa hakuivaa, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Naona mnamhurumia. Msimhurumie sana, maana yeye aligeuka siku ileile. Sisi tutageuka lini?

Sisi tunakuja humu kila Jumapili na vikapu vyetu. Bwana, umeona duka langu lilivyopanuka? Umeona nilivyopandishwa cheo? Umeona nyumba niliyomjengea mke wangu? Tunasubiri atuambie, ameona. Tutafanyaje akitujibu, “Labda. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya mdogo wako, aliyekuwa amesimama kwenye shamba la baba yenu”? Utamwambia watu walipiga makofi? Walipiga, ndiyo. Na filimbi ilikuwa imeshalia.

Na wewe uliye chini leo. Najua upo. Ulisimama mahali pako, hukumfuata mtu, ukapigwa kikumbo na mtu aliyekuwa anapanda. Sasa unasikia vigelegele vyake, na umeanza kudhani kwamba Mungu naye yumo katika wale wanaoshangilia. Inua macho, utazame vizuri katikati ya hiyo mikono. Upo mmoja umefungwa ngumi. Saa imesimamishwa kwa ajili yako. Nikilifikiria jambo hili mwili unanisisimka, kwamba aliyeziumba mbingu, katikati ya makelele yote ya dunia, macho yake yako kwenye nyayo za mtu mmoja aliyesimama kimya. Sisi ni nani hata aangalie nyayo zetu?

Lakini nisiwafiche. Mfano huu sikuuleta kwa ajili ya watu wa mbali.

Mnalionaje geti letu jipya? Jumapili iliyopita tulilizindua, utepe ukakatwa, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka, tukapiga picha. Geti zuri, pana, magari mawili yanapishana bila taabu. Sasa niambieni, pale geti lilipo, kabla ya geti palikuwa na nini?

Mmenyamaza.

Palikuwa na mama wa vitumbua. Watoto wa shule ya Jumapili wamekua wakila vitumbua vyake. Wazee mmekunywa uji wake mkisubiri ibada ya pili. Mafundi walimwambia apishe, akakunja meza yake, akapisha, wala hakumgombeza mtu. Amehamia wapi? Ana jiko la kupikia? Nani humu ndani anajua hata jina lake? Miezi yote ile tulikuwa tunatazama geti linavyopanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza alikokwenda yule mama. Hatukuwa na roho mbaya. Hatukujua tu kwamba tumemgonga mtu.

Basi mahubiri yameishia hapa. Mzee Mwakibinga, wewe ulikuwa unanunua kwake kila asubuhi, angalau unajua alikuwa anatokea upande gani. Tangulia mbele utuonyeshe njia. Sadaka tutaitoa tukirudi, na kwaya itasubiri. Simameni, twende tukamtafute.