Kahawa, Tangawizi na Kidari cha Mbuzi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mabati yalikuwa yameshapanda mlimani na redio zinapiga kelele kila nyumba, palikuwa na shamba huko Upare. Mteremko wake ulikuwa mkali, ukiangusha boga juu unakwenda kuliokota bondeni. Shamba lilikuwa la mjane aitwaye Nakundwa. Alililima na mwanawe Mchome, pamoja na Navoneiwa, binti wa huyo Mchome.

Miaka yote walilima kahawa. Kisha mvua zikaanza kubabaisha, kahawa ikanyauka. Mtu mmoja wa tambarare akaanza kupitapita akilitazama shamba kwa macho ya mnunuzi. Mchome akasema, "Mama, mwaka huu tukikosa mavuno, tunauza." Nakundwa hakula siku ile. Mumewe alikuwa amezikwa palepale, katikati ya kahawa.

Navoneiwa akasema, "Bibi, tung'oe kahawa, tupande tangawizi."

"Shamba la babu yako nilipande viungo vya chai? Thubutu!"

Basi bibi akaenda matangani kijiji cha pili. Aliporudi, alikuta kahawa ya upande usio na kaburi imeng'olewa yote, na tangawizi imeshafukiwa. Maneno aliyoyatoa siyasemi, hapa pana watoto.

Navoneiwa hakuishia hapo. Shamba lilikatizwa na mistari ya masale, mimea hii hii tunayopanda mipakani, naye akaona inamlia nafasi. Asubuhi mjukuu anang'oa masale, jioni bibi anayarudisha. Anang'oa, anarudisha. Anang'oa, anarudisha. Mchome akiulizwa yuko upande wa nani, anasema anakwenda kumnywesha ng'ombe. Mwishowe binti akachoka, masale yakabaki.

Tangawizi ilipokaribia kuvunwa, mvua ikaja, na safari hii ilikuja na hasira. Mchana kweupe mfereji wa juu ukafurika, maji yakaanza kulishukia shamba. Yasipopasuliwa njia, yanakomba kila kitu. Mchome akakamata jembe.

"Yapeleke kwenye tangawizi!" mama yake akapiga kelele. "Baba yako amelala kwenye kahawa!"

"Yapeleke kwenye kahawa, baba!" binti yake naye akapiga kelele. "Bila tangawizi tunauza!"

Mchome akamtazama huyu, akamtazama yule. Upande wa tatu ilikuwepo migomba yake, aliyoipanda tangu ujana wake, kitu pekee shambani alichoweza kukiita chake. Akapiga jembe huko. Maji yakaondoka na migomba, mmoja baada ya mwingine, naye anaangalia. Maji mengine yakaponyoka, yakateremka kwenye tangawizi, yakayakuta masale, yakaishiwa nguvu.

Kulipokucha, mashamba ya jirani yalikuwa yamehamia bondeni. La Nakundwa lilikuwa mahali pake, kaburi na tangawizi. Ajuza akaketi kwenye tope, akacheka, akalia, akacheka tena. Mavuno yakawa ya kujaza ghala na veranda. Yule mtu wa tambarare aliporudi, alipewa kikombe cha chai ya tangawizi, akatakiwa safari njema. Jamani, watu walilala usingizi!

Wakachinja mbuzi kushukuru. Sasa, katika ukoo ule kidari hakikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja mbele ya wageni, na huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba: kipandwe nini, king'olewe nini. Nakundwa, aliyekuwa na kauli hiyo, akakiinua kidari, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Nitakila mwenyewe," akasema. "Masale yasingekuwepo, mngekuwa mnavuna mawe."

"Bibi, shikamoo yako naitoa kila siku," Navoneiwa akasema, "lakini masale yangeshikilia nini? Kahawa kavu? Mimi nilikuletea cha kuvuna, ukanitukana."

"Uliniibia shamba nikiwa msibani!"

"Nililiiba ili libaki lako, bibi."

Wageni wakageuka kumtazama Mchome. Mchome, ambaye siku zote huenda kumnywesha ng'ombe, safari hii hakwenda.

"Mama, ulitaka nizamishe tangawizi. Mwanangu, ulitaka nimzamishe baba yangu. Ningemsikiliza mmoja wenu, leo tungekuwa hapa?" Akanyosha mkono bondeni, ilikokwenda migomba yake. "Mimi ndiye niliyepoteza. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia pole."

Nakundwa akamtazama mwanawe, akamtazama mjukuu wake, kidari kikiwa bado mikononi mwake.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi, mbuzi hakuwa wangu. Huyu aliyakatalia masale yasitoke, huyu alileta tangawizi kwa wizi, huyu alitoa migomba yake. Mngekuwa nyinyi ndio Nakundwa, na nyama inapoa, mngemkabidhi nani?