Maji ya Kuagana

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mnaisema kama kasuku, wajukuu zangu, halafu mnaniuliza kata ni nini! Ni kifuu cha nazi chenye mpini, cha kutekea maji mtungini. Haya, tulieni niwaambie methali hii ilikotoka, maana ilitoka kwa aibu.

Palikuwa na mwanamke kijana, Mkaya, aliyeolewa na Kombo. Mama mkwe wake, Bi Nunu, hakumtaka tangu siku ya posa. Alimtakia mwanawe binti wa dada yake. Basi asubuhi moja Bi Nunu akapiga ukelele: bangili zake za fedha, urithi wa mama yake, hazionekani! Nyumba ikapekuliwa, hata mkeka wa Mkaya ukakung'utwa. Wapi!

"Chumbani kwangu haingii mwingine ila huyu," akasema Bi Nunu. "Arudi kwao leo hii, na talaka yake!"

Kombo akainamisha kichwa. Kijana mwema, lakini mbele ya mama yake hakuwa na ulimi.

Mkaya akaenda mtungini kunywa maji. Maji yalikuwa yamepungua. Alipozamisha kata, ikagonga kitu chini: ngo! Haukuwa mlio wa udongo, ulikuwa wa fedha. Lahaula! Alitaka kuita watu, akajizuia. Akizitoa yeye, nani atasadiki kwamba hakuzificha yeye? Na akinyamaza, anarudi kwao na jina la wizi, na wadogo zake wa kike nani atawaposa? Akairudisha kata mahali pake.

Akafunga furushi lake, akaenda ukumbini walipokuwa mumewe na wakwe zake, akapiga magoti.

"Naondoka, mama. Lakini nipe maji ya kuagana."

Ndiyo desturi yao. Anayeondoka moja kwa moja hutekewa maji na mama mwenye nyumba, kata ijae pomoni, wanywe wote wawili wasiachane na kinyongo. Hata adui hanyimwi.

Bi Nunu akaenda mtungini. Siku zote huzamisha kata mpaka kiwiko kilowe. Siku ile aliteka juu juu, polepole, kama anayeengua mafuta ya mchuzi. Ikatoka nusu.

"Haijajaa, mama," akasema Mkaya.

Akateka tena juu juu. Ikatoka robo.

"Zamisha, mke wangu," akasema baba mkwe, Mzee Fumo. "Maji yako chini."

"Huko chini kuna tope!"

"Tope? Maji ya kisima chetu?" Mzee akaichukua kata, akaizamisha. Ngo! Akaupindua mtungi, na bangili zikatoka na maji mpaka kizingitini.

Bi Nunu akapayuka, "Si niliwaambia! Kazificha huyu!"

"Huenda," akasema Mzee. "Lakini wewe ulijuaje kwamba kata isizamishwe?"

Hapo Kombo akainuka, akaliokota furushi la mkewe bila kumtazama mama yake, akalirudisha chumbani.

Mzee Fumo alikuwa bado ameshika kata, inachuruzika.

"Usijibu, mke wangu," akasema. "Hatuna haja ya kukuuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata."