Funguo za Nyumba ya Mama

Ndugu zangu, yuko mama mmoja, mjane, ambaye asubuhi hii nataka mkae naye kidogo. Jina lake siwapi. Nikiwapa mtaanza kuulizana ni mama wa nani, na mkishajua si wa kwenu mtashusha pumzi na kuacha kusikiliza.

Mama huyu aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, kando ya barabara ambayo watu wengi hupita. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, mwanamume, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji huohuo. Wa pili, binti, alifanya kazi ofisini katika mji wa jirani. Kitinda mimba alikuwa ng'ambo, kijana mwenye kazi nzuri, anayepiga simu ya video kila sikukuu.

Kwa miaka mingi ufunguo wa akiba wa nyumba ile ulikaa kwa jirani, mwanamke mmoja muuza maandazi. Mama akienda msibani au kliniki, jirani ndiye aliyewafungulia kuku, akaanua nguo mvua ikitishia. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo kubwa.

Kisha mama akapatikana na presha. Siku moja alishikwa na kizunguzungu sokoni, watu wakamkalisha chini na kumpa maji. Habari zikawafikia watoto, na Pasaka wakakutana nyumbani kulizungumza. Mkubwa akasema haiwezekani mama aishi peke yake halafu ufunguo ushikwe na mtu baki. Binti akasema kila mmoja wao awe na wake, ili likitokea la kutokea yeyote aingie saa yoyote. Mama alisikiliza, machozi yakimlengalenga. Mwaka ule hakuwa amepewa zawadi iliyomfurahisha kuliko maneno hayo.

Mkubwa akauchukua ufunguo wa mama, akaenda kwa fundi wa funguo pale sokoni, akachongesha mbili, wake na wa dada yake. Yule wa ng'ambo akataka apigiwe picha ya ufunguo, upande huu na upande ule. Akaipeleka mtandaoni kwa watu wanaochonga kwa picha, nao wakamtumia ufunguo wake kwa posta. Ulipomfikia aliushika mkononi, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia. Wote wakapiga makofi, yale ya kwenye simu.

Likabaki la jirani. Mama alikwenda mwenyewe, na njia nzima alitafuta maneno.

"Nimekukosea nini, dada?" jirani akauliza, huku akiufungua ufunguo kutoka kwenye pindo la kanga.

"Hujanikosea. Wanangu ndio wamesema. Sasa kila mmoja ana wa kwake."

Jirani akampa ufunguo, akasema anashukuru Mungu kumjalia mwenzake watoto wa namna hiyo. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuingia ua ule. Walisalimiana barabarani, basi.

Mama akawasimulia wanawake wenzake habari za zile funguo. Aliwasimulia mara nyingi, nao walichoka kusikia. Watoto walikuja Krismasi, wakabisha hodi, akawafungulia. Mwaka mpya ukaingia.

Asubuhi moja, akitoka kuoga, aliteleza kwenye korido. Alisikia nyonga ikilia kama kuni kavu. Akajaribu kuinuka, asiweze. Simu ilikuwa chumbani, juu ya meza. Akaita. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa, na sauti ya mtu mwenye maumivu haiendi mbali.

Kwanza aliogopa. Kisha akajituliza: watoto wana funguo. Akajisogeza hadi ukutani, akajifunika kanga, akasubiri kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha kutuma salamu.

Saa za mchana simu ikalia. Ilikuwa binti yake. Ikalia hadi ikakatika, ikalia tena. Mama aliijibu kutoka sakafuni, akimwita mwanawe kwa jina, kana kwamba angesikika. Na binti alifanya nini? Aliandika kwenye kundi la familia kwamba mama hapokei, nani yuko karibu. Mkubwa akajibu kwamba atakuwa katoka, mnamjua mama. Wa ng'ambo akaweka ile alama ya viganja viwili vilivyounganishwa kuomba. Basi. Wakaendelea na chakula cha mchana.

Mnacheka? Chekeni. Angalieni kwanza simu zenu zina alama hizo ngapi.

Giza likaingia, na hofu ya mama ikageuka hasira. Alikuwa mtu mpole, hasira hakuizoea, lakini usiku ule ilimwingia mwilini, nami nasema ndiyo iliyomweka hai. Aliwahesabia wanawe kila alichowafanyia. Kisha akajigeukia mwenyewe: ni mimi niliyekwenda kumnyang'anya ufunguo mtu aliyekuwa akija.

Kesho yake jirani aliamka, akasikia kuku wa mama wakipiga kelele bandani, jua limeshapanda. Alijiambia hayamhusu, ana wanawe. Akageuza maandazi yake. Kuku wakazidi. Ndipo akaepua karai, akaruka mtaro, akagonga mlango, na kwa ndani akasikia mtu anakwaruza ukuta.

Hakuwa na ufunguo, mnakumbuka. Alichukua mtaimbo, akauvunja mlango wa jikoni. Alimkuta mama amelala katika mkojo wake, midomo imepasuka kwa kiu. Akamnywesha, akamsafisha, akamvalisha kanga yake mwenyewe, akamwitia bajaji, wakaenda hospitali. Hakumwuliza neno. Huko nyuma mume wa jirani akaupigilia ubao ule mlango, wezi wasiingie.

Mkubwa alifika hospitali jioni, na dada yake. Alikuwa amepitia nyumbani na kuona kwa nje. Jambo la kwanza lililomtoka kinywani, mbele ya kitanda cha mama yake, lilikuwa hili: "Nani amevunja mlango wa jikoni?"

"Mimi," jirani akasema.

"Ungenipigia simu. Ufunguo ninao."

Mama ndiye aliyeongea, kwa sauti ndogo. Alimwambia mwanawe: vizuri, una ufunguo. Nenda basi na dada yako mkaniletee kadi ya bima na nguo za kubadilisha, mpitie mlango wa mbele.

Wakaenda. Mkubwa akatia ufunguo kwenye kitasa. Ukaingia nusu, ukakwama. Akautoa, akaufuta, akautia tena. Ukaingia, lakini haukuzunguka. Dada yake akajaribu wa kwake. Nao haukuzunguka. Walisimama pale mlangoni kwa mama yao, watu wazima wawili wenye funguo mikononi, na wapita njia wakiwatazama. Mkubwa akaanza kufoka kwamba mama amebadili kitasa bila kuwaambia, au yule jirani ametia kitu.

Akamfuata fundi aliyezichonga, akamleta kwa pikipiki, na njia nzima alimtukana. Fundi akazitazama zile funguo, akatoa tupa mfukoni, akasugua meno hapa na pale, si kazi ya muda. Akatia kwenye kitasa. Mlango ukafunguka. Alisema tu kwamba ufunguo wa kuchonga mara nyingine hukwama unapojaribiwa mara ya kwanza, mteja huurudisha, naye huusugua bure. Kisha akauliza, bila ubaya, funguo hizo zimekuwa zikikwama tangu lini.

Ndugu zangu, mngemjibu nini?

Tangu Pasaka ya mwaka uliopita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuutia ufunguo wake katika mlango wa mama yake. Ule wa ng'ambo hatujui hadi leo kama unafungua. Uko kwenye droo.

Waliporudi hospitali mama akauliza kilichowachelewesha. Mkubwa akataka kusema habari za fundi mbovu. Binti akamkatiza, akasema ukweli wote, analia. Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nililala nawasubiri," akasema. "Kila gari lililopunguza mwendo nilisema ni ninyi. Kumbe hata mngekuja msingeweza kuingia, na hamkujua, kwa sababu hamkuwa na nia ya kuja."

Akageuza uso ukutani. Mguu wa nyonga ile iliyovunjika hakuukanyagia tena.

Najua mnasubiri niwaambie kwamba aliwakumbatia wakalia pamoja. Siwaambii. Mnataka awasamehe haraka, ili na ninyi mtoke hapa mmesamehewa.

Naona vichwa vinatikisika. Kuna anayemfikiria kaka yake, kuna anayemfikiria shemeji yake. Mnawakasirikia watoto wale, na mnastahili kuwakasirikia. Lakini kuna jambo sijawaambia. Sijawaambia mama alianguka siku gani.

Ilikuwa Jumapili.

Alikuwa anaoga aje ibadani. Gauni lake lilikuwa juu ya kitanda, limepigwa pasi. Na barabara ile inayopita mbele ya nyumba yake ni ya kwendea kanisani. Alisikia viatu vyetu, ndugu zangu. Alitusikia tukicheka, tukiulizana nani anaongoza mapambio. Aliita, na sisi tulipita, Biblia kwapani, tukiwahi tusije tukakosa nafasi ya kukaa.

Mtoto wake alipoandika kwamba atakuwa katoka, alimaanisha katoka kwenda wapi? Alimaanisha yuko kwetu. Na sisi tulipoliona benchi lina nafasi tulisema nini? Tulisema atakuwa amekwenda kwa wanawe. Wao walimweka kwetu, sisi tukamweka kwao, naye alikuwa sakafuni.

Tuna kamati ya wagonjwa hapa. Tuna jumuiya, tuna umoja wa wanawake, tuna viongozi wa mitaa. Tumechaguana, tumepigiana makofi. Na aliyekuja ni muuza maandazi ambaye hajawahi kukanyaga humu ndani, na ambaye sisi kwenye sala zetu humwombea aokoke.

Nani atamwokoa nani?

Kwa hiyo msifumbe macho. Leo sitaki mfumbe macho. Geukeni, mtazame benchi mlilokalia. Kuna mtu alikuwa hapo pembeni yako mwezi uliopita. Mnamjua. Mmeshasema atakuwa amesafiri.

Wimbo wa mwisho hatuimbi. Matangazo nitayasoma Jumapili ijayo, kama mtarudi mna la kunieleza. Inukeni sasa hivi, nendeni mkagonge mlango wake.