Elfu Nne za Mume na Maandazi ya Mke

Mnanichosha nyie. Ustadhi mzima kakaa pale na kitabu chake, bado mnapiga kelele, "Bibi atupe mfano!" Mifano ingekuwa inauzwa kwa kibaba ningekwishahiji mara mbili. Haya, kaeni vizuri, na huyo anayemung'unya ubuyu ateme kokwa.

Kulikuwa na mke mmoja aliyepewa talaka moja. Hakuiba, hakutoka nje. Mume alichoka tu, kama mtu anavyochoka na muhogo wa kila siku. Ikabidi waende kwa kadhi, ijulikane mume atatoa nini muda wa eda. Eda mnaijua: mke hukaa nyumba ile ile na mume humlisha, mpaka muda uishe.

Siku moja kabla ya kwenda akaja somo yake, yule mama aliyemfunda wakati wa harusi. Akachukua ungo, akamwaga kunde.

"Nilikufunda kuingia, sasa nakufunda kutoka. Kila punje shilingi mia tano. Nitengee matumizi ya siku."

Mke akatenga: mchele, unga, nazi, kitoweo, maji, nauli za watoto. Rundo likapanda.

"Na hizi za pembeni?"

"Sukari, somo. Baba watoto hapendi chai chapwa."

"Kakuacha wewe, chai yako hajaiacha? Rudisha ungoni! Na wewe mwenyewe uko wapi hapa? Sioni sabuni, sioni hata mafuta ya nywele."

"Mimi nitajibana."

"Jibane, jibane, mpaka tukutafute kwa taa. Weka punje zako!"

Akaweka. Zikaja elfu kumi na tatu. Somo akauliza, "Mume huacha ngapi asubuhi?"

"Elfu nne."

"Na hizo tisa?"

Mke akainama. "Ni za maandazi yangu. Usimwambie mtu, somo. Nimemsitiri miaka yote."

"Kesho msitiri tena, halafu uwachemshie wanao hiyo sitara wale."

Kwa kadhi, mume akatanua kifua. "Nyumba yangu, sheikh, hula elfu nne. Na chenji hubaki."

Hakuwa anadanganya, maskini. Ndivyo alivyojua. Kila jioni alikuta sahani imejaa, angejuaje?

Kadhi akamgeukia mke. Je, mngekuwa nyinyi, mngesema nini? Msinijibu, nawajua. Mngesema, "Ni kweli, sheikh," kisha mkalie jikoni. Yule mke alisema waziwazi: "Kumi na tatu."

Mume akacheka. "Kumi na tatu? Kwani tunafanya maulidi kila siku?"

Kadhi akasema, "Ugomvi mdogo huu. Mkeo atakaa kwako, ila jikoni asitie mkono, na yale maandazi anayotuuzia asikaange. Pika wewe siku moja, kwa elfu nne zako. Kisha mrudi."

Mke akatandika mkeka wake, akakaa. Mume akaingia jikoni.

"Mama watoto, mafuta yako wapi?"

"Dukani."

"Na nazi?"

"Dukani vile vile."

Adhuhuri haijaadhiniwa, mfuko mtupu. Binti yao mdogo akaonja mchuzi, akamtazama baba yake. "Baba, umenawia humu?" Mke akauma ncha ya kanga asicheke.

Mume akaja kukaa kizingitini, jasho linamtoka. "Ulikuwa ukizitoa wapi?"

"Kwenye maandazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungevimba mwezi mzima. Tena ulikuwa ukienda barazani shingo imenyooka. Nilipenda kukuona hivyo."

Yule bwana akashika sufuria, akaanza kuisugua. Nyamazeni nyinyi.

Sasa mmetoa macho mnangoja niseme alimrejea. Hayawahusu! Linalotuhusu sisi ni hili: sitara ni kumfunika mwenzio aibu yake, siyo kumfunga macho asijue nyumba inakula nini. Sisi wake tunajipunja, tunaita mapenzi. Waume nao wanaona chungu kimeiva, hawaulizi kuni zimetoka wapi, wanaita baraka. Siku talaka inaingia, tunahesabu kwa hasira: huyu anataka kukomoa, huyu anasema sitaki hata senti yake. Watoto wanakula hasira? Hesabuni mkiwa mnapendana, wanangu, na mkiachana hesabuni kwa haki. Na kila mtu ajihesabu naye, kwani hata Mola hakumuumba mtu bila tumbo.

Yule mume alirudi kwa kadhi kwa miguu yake, hakuitwa. Akalipa elfu kumi na tatu kila siku ya eda, akizitia mwenyewe mkononi mwa mkewe, na juu yake gunia zima la unga wa ngano, kwa kuwa mtaji wa maandazi nyumba yake ndiyo iliyoula.