Alama Tisa za Kaitira

Tulia kidogo, usiisome mbiombio. Ni hadithi fupi, na ukiimaliza utajua ni nani wa kumpelekea.

Katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria aliishi mjane aliyeitwa Nyabise. Alikuwa na boti mpya ya injini, iliyopakwa rangi ya kijani, ambayo ilikuwa bado haijagusa maji. Boti ilihitaji nahodha, na watu wawili waliitaka kazi hiyo.

Wa kwanza alikuwa Bwire, mvuvi hodari kuliko wote pale mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Wa pili alikuwa Kaitira, mtu mpole ambaye kwa miaka kumi na moja alichota kwa ndoo maji yaliyoingia kwenye boti za wengine. Hakuna aliyewahi kumkabidhi usukani. Alijua kwamba akikosa mara hii, atachota maji mpaka uzee.

Mama Nyabise akawaita wote wawili.

"Nitawaazimia mitumbwi miwili ya injini," alisema. "Kila mmoja apange safari ya siku moja, aende, arudi. Nitakayeridhika naye ndiye nahodha wangu."

Siku hizi wavuvi wa kisiwa hicho hawavui kwa kubahatisha. Wana ramani ya ziwa ndani ya simu. Ramani huonyesha kina kwa rangi: buluu hafifu ni kina kifupi, buluu iliyoiva ni kina kirefu. Ukipataka mahali, unaweka alama, na GPS inakuongoza mpaka pale pale. Mtandao ukikatika, ramani yenyewe huweza kufutika, lakini alama ulizoweka hubaki.

Bwire alikaa siku mbili kwenye kibanda cha chai akiisoma ramani yake, na kwa kweli aliisoma vizuri. Alijua kwamba sangara hupenda kukaa pale ambapo kina kifupi kinaangukia ghafla kwenye kina kirefu, mfano wa ukingo wa meza. Kila ukingo aliouona aliutia alama. Akafikisha alama arobaini.

"Na wewe, Mzee wa Ndoo," alimuuliza Kaitira, "una ngapi?"

"Kumi na mbili. Tatu za samaki."

"Na hizo tisa?"

"Za kurudia nyumbani."

Kibanda kizima kikacheka. Mbele ya mwalo wao kuna mawe mengi yaliyojificha chini ya maji, na njia ya kupita katikati yake ni nyembamba tena imepinda. Tangu zamani watu huipita kwa kukitazama kilima kilichopasuka, kilicho juu ya kijiji. Hakuna mvuvi wa pale aliyekuwa ameweka alama ya kwao. Waliona ni aibu.

"Anayeuliza njia ya kwake ni mlevi!" alisema Bwire.

Kaitira naye akacheka. Kisha akatoka nje, jua likiwa wazi, akaingia majini na mtumbwi mdogo. Aliipita njia ile kwa kasia, polepole, akisimama kila ilipopinda na kuweka alama. Ilimchukua asubuhi nzima.

Siku ya safari ikafika. Bwire aliifuata alama yake ya kwanza, na sangara walikuwepo. Akaifuata ya pili, wakawepo tena. Mpaka saa sita mchana mtumbwi wake ulikuwa umejaa samaki hata wavuvi wenzake wakakosa pa kuweka miguu.

Ndipo mvua ikaja. Ilikuwa mvua nzito, nyeupe, iliyoshuka kama pazia. Kilima kilichopasuka kikafunikwa. Kisiwa chote kikafunikwa.

Bwire akatoa simu. Mtandao ulikuwa umekatika, na ramani imefutika. Kwenye kioo zilibaki alama zake arobaini. Alizitazama moja baada ya nyingine. Zote zilijua kumpeleka kwa samaki. Hakuna hata moja iliyojua kumpeleka kwao.

"Tuko karibu na mawe au mbali?" mwenzake mmoja aliuliza.

Bwire alizitazama tena zile alama. Upepo ulikuwa unawasukuma, na kila mmoja alikuwa anasikiliza chini ya mtumbwi.

Mara wakasikia sauti. Du! Du! Du! Mtu alikuwa anapiga dumu tupu.

Wakaifuata sauti hiyo taratibu. Wakamkuta Kaitira ametia nanga nje kidogo ya mawe, juu ya alama yake ya kwanza, amelowa chapachapa, dumu liko kati ya magoti. Alikuwa amefika hapo saa nzima kabla yao.

"Mbona hukuingia nyumbani?" Bwire alipaza sauti.

"Nilijua huna njia," alijibu Kaitira. "Nifuate nyuma nyuma, ndugu yangu. Usinipite."

Wakapita alama ya pili, ya tatu, ya nne. Walipofika ya tisa, mchanga wa mwaloni ukakwaruza chini ya mitumbwi. Mama Nyabise alikuwa amesimama pale kwenye mvua, kanga imemgandama mwilini.

Bwire alikuwa na shehena ya samaki. Kaitira alikuwa na samaki saba.

Watu wakamsubiri mama aamue. Lakini aliyesema kwanza ni Bwire.

"Mama, boti ni yake. Kama ataniruhusu, mimi nitapanda kama mtu wake."

Kaitira akamtazama. "Utachota maji?"

"Nitachota."

"Basi nitakuonyesha ndoo ilipo. Na wewe utanionyesha zile alama arobaini."

Watu wakacheka, na Bwire akacheka kuliko wote. Mama Nyabise hakucheka. Alimshika Kaitira mkono.

"Marehemu mume wangu alilijua ziwa hili kama Bwire anavyolijua," alisema. "Alipotea siku ya mvua kama hii, hapo hapo mbele ya mawe, tunamsikia anaita. Ndiyo maana niliwaambieni apange, aende, arudi. Wengi hulisikia 'apange', hulisikia na 'aende'. Neno la mwisho umelisikia wewe."

Akamkabidhi ufunguo wa injini.

Funzo: Unapopanga safari yoyote, iwe ya ziwani au ya maisha, weka kwanza alama ya kurudi, na ukishaijua njia, mngoje mlangoni yule aliyekucheka.