Gunzi Limeshaondoka

Wapendwa, kaeni vizuri. Wa kule nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo, na watoto waacheni wakae na wazazi wao. Leo nina habari ya mwanamke mmoja na gunzi lake la mahindi.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale ambao bado wanavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto wa mtaa katika ukumbi wa kanisa, wakasoma kitabu kimoja pamoja. Waliiita klabu ya vitabu, ingawa vitabu vyenyewe vilikuwa vichache kuliko wasomaji, na vingine vilikuwa vimeshapoteza majalada.

Ijumaa alasiri, akiwa anachambua maharage, ndipo alipopanga mambo ya kesho. Tusome nini? Tuulize nini? Na mikono yao ifanye nini? Maana alijua, kwa miaka mingi ya kukaa nao, kwamba mtoto mdogo huchoka makalio kabla hajachoka masikio. Kwa hiyo alisoma kurasa chache, kisha wakasimama wote wakawa upepo, au mto uliofurika, au mbuzi mgonjwa. Halafu wakakaa tena. Wakati mwingine alisimama kabla tu ya kufunua ukurasa, akawauliza, "Mnadhani huku nyuma kuna nini?" Wakabishana mpaka wengine wakapiga magoti kuchungulia.

Alikuwa na sharti moja alilojiwekea. Swali atakalowapelekea watoto ni lazima liwe swali ambalo hata yeye hana jibu lake. "Nikiwauliza ninalolijua," alisema, "watasoma uso wangu badala ya kitabu."

Na gunzi? Gunzi lilikuwa kavu, limepukuchuliwa, jepesi. Aliyelishika ndiye aliyesema. Wengine walisikiliza, hata mwalimu. Ukimaliza, unampa jirani. Mlitegemea watoto walipiganie? Walilipokea kama watu wazima wanavyopokea mtoto mchanga.

Ila mmoja. Huyo hakuwahi kusema neno. Gunzi likimfikia alilipitisha upesi upesi, kama kaa la moto. Mwalimu hakumsukuma. Alimwachia zamu yake kila Jumamosi, nayo ikapita.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa na mwenyekiti wa kamati. Mzee mwema. Tena aliwapenda watoto, wapendwa, aliwapenda kiasi kwamba hakutaka kabisa kusikia sauti zao. Semeni Amina!

Amina. Asanteni.

Siku moja mzee alipita dirishani, akasikia vurugu. Akaingia.

"Mama, hii ni klabu ama ni mnada wa ng'ombe?"

"Shikamoo mzee. Tunajadili kitabu."

"Marahaba. Wanajadili! Huyu hapa ana kamasi mpaka mdomoni, anajadili nini? Na hilo gunzi ndilo mwenyekiti wao?"

"Kwa leo ndilo, mzee. Karibu ukae, zamu yako ikifika utapewa."

Watoto wakacheka. Mzee hakucheka. Akamwambia kwamba mkuu wa jimbo anakuja na wageni Jumamosi inayofuata, nao wataoneshwa klabu hiyo. Watoto wasome kitabu cha kuku. Kisha waulizwe, hadithi hii inatufundisha nini, nao wajibu kwa pamoja: inatufundisha utii. Basi. Mikono kifuani, kimya, kaa chini.

"Mzee, mimi siwezi kuwafundisha jibu. Nitawasomea kitabu, jibu watalitafuta."

"Wakitafuta mbele ya wageni watanitia aibu. Nitawafundisha mwenyewe. Na wakiniaibisha, mama, ufunguo wa ukumbi huu utarudi mfukoni mwangu, na klabu yako utaipeleka unakojua."

Kweli akawafundisha. Sauti moja, kama kengele: "I-na-tu-fun-di-sha u-tiii!"

Ijumaa ile mwanamke alichambua maharage akawa anatupa mazima na kubakiza mabovu. Alijiambia, ni Jumamosi moja tu. Waache waimbe hilo jibu, wageni wapige makofi, wanywe soda, waende zao. Wiki ijayo ukumbi ni wetu tena. Kulikuwa na baridi ya kuuma miezi ile, na baadhi ya watoto wale hawakuwa na sweta. Je, wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Wageni wakaja. Mzee akakishika kitabu yeye mwenyewe, akasoma kwa sauti nene. Kuku aliwafungia vifaranga bandani, akawaambia, msitoke mpaka nirudi. Kifaranga mmoja mtukutu akatoka. Huko nje akakutana na nguchiro, naye akaponea chupuchupu, amenyofolewa manyoya ya mkia. Waliotii walibaki salama. Mwisho.

"Watoto, hadithi hii inatufundisha nini?"

"I-na-tu-fun-di-sha u-tiii!"

Makofi! Mkuu wa jimbo akatikisa kichwa kwa furaha. Hapo mzee angekaa, yangekwisha. Lakini utamu ulimzidi, akaongeza, kama tulivyozoea sote:

"Tumeelewaaa?"

"Ndiyooo!"

Ndipo binti mmoja mdogo, mtoto wa muuza mkaa, akanyoosha mkono. Hakuunyoosha juu. Aliunyoosha mbele, kiganja wazi, akimtazama mwalimu wake. Alikuwa anaomba gunzi.

Gunzi lilikuwa ndani ya mkoba wa mwalimu. Hakuna mgeni aliyejua kwamba lipo. Angetazama pembeni tu. Angejifanya anafunga kifungo. Wapendwa, watu wema wangapi wamejifunga vifungo saa kama ile?

Akafungua mkoba. Akampa mtoto wa mbele, naye akampa wa nyuma yake.

"Mama," mzee akanong'ona akiwa ameuma meno, "rudisha hilo gunzi."

"Samahani mzee. Gunzi limeshaondoka."

Likamfikia binti. Akasimama.

"Babu, kifaranga alitokea wapi?"

"Alitoka tu. Alikuwa mtukutu."

"Lakini mama yake alifunga mlango. Umesoma."

Mzee akatazama kitabu. "Basi palikuwa na tundu."

"Kubwa?"

"La kumtosha kifaranga, mjukuu wangu. Kaa chini."

Binti hakukaa. "Nguchiro ni mwembamba. Kwa bibi alipita chini ya mlango, tukakuta mabawa tu." Akafikiri. "Sasa wale waliotii, si wamekaa kwenye banda lenye tundu?"

Mtoto mwingine akadakia bila gunzi, "Wameliwa wote!" Na mwingine, "Mbona mama yao hakuziba tundu?" Na wa tatu, karibu alie, "Mbona hakuwaambia kuna nguchiro?"

Mkuu wa jimbo akainama, akatafuta kalamu iliyoanguka, au ambayo haikuanguka. Mzee akafunga kitabu.

"Mtoto hamhoji mkubwa," akasema. Wageni walipoondoka akanyoosha mkono wake, kiganja wazi kama cha yule binti, ila yeye aliomba ufunguo.

Mwalimu akampa. Hakumwomba radhi. "Mzee," alisema, "ukumbi ni wa kamati, nimeurudisha. Klabu ni ya watoto, hiyo sina ruhusa ya kuirudisha."

Jumamosi iliyofuata walikaa uani kwake, kwenye sakafu ya kuanikia mahindi, kila mmoja amejifunga khanga au gunia mabegani. Jirani mmoja aliwaonea huruma, akaleta uji. Mwingine akawacheka: "Kamati imewafukuza kama mbuzi walioingia kwenye mboga!" Mwalimu akamjibu, "Ndiyo, na mboga tulishakula." Kisha akawapa watoto udongo wa mfinyanzi. Siku hiyo alikuwa amepanga kazi ya mikono: kila mmoja atengeneze banda la kuku ambalo nguchiro hawezi kuingia. Walifinyanga kwa bidii, ndimi nje. Kuna aliyejenga banda lisilo na mlango kabisa, akaulizwa kuku wataingiaje, akasema watazaliwa humo humo.

Halafu gunzi likazunguka. Likamfikia yule asiyesema.

Hakulipitisha.

Alilishika kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu. Akaliambia gunzi, maana nadhani ni gunzi aliloliambia:

"Kwetu kuna nguchiro. Anakuja mama akienda sokoni. Ananiambia nitii."



Mwalimu alingoja mpaka mtoto alipompa gunzi mwenyewe. Akamwambia, "Asante kwa kutuambia. Umefanya vizuri. Kosa si lako." Akamwomba yule jirani wa uji akae na wengine. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kwa mama yake sokoni, na kutoka sokoni, wote watatu, mpaka kituo cha polisi, kwenye dawati la watoto. Hakuitisha kikao. Hakusubiri Jumapili.

Mzee akapata habari, maana aliyetajwa pale kituoni alikuwa mtu anayeheshimika, mtu wa viti vya mbele. Akamkuta mwalimu njiani na yule mtoto.

"Mama, umefanya nini? Mambo kama haya yanamalizwa ndani!"

"Ndani ndiko aliko nguchiro, mzee."

"Jina la kanisa je?"

"Jina la kanisa halijawahi kulia usiku. Mtoto huyu analia. Mimi nina mikono miwili tu, mzee, na yote nimemshikia yeye. Nipishe tupite."

Naye mzee, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa kweli mtu mwema na hakuna aliyewahi kumpa gunzi, alisogea pembeni ya njia. Mfano wangu hausemi kama alirudisha ufunguo. Msiniulize. Ufunguo haukuwa habari ya leo.

Habari ya leo ni sisi.

Sisi tumewafundisha watoto wetu heshima, na heshima ni kitu kizuri, wala sitaki mtu aseme nimesimama hapa kuipinga. Lakini tumewafundisha jibu moja kwa kila mtu mzima: ndiyo mwalimu, ndiyo baba, ndiyo mjomba, ndiyo mchungaji. Sasa niambieni. Mtoto tuliyemfundisha kumjibu ndiyo kila mtu mzima, siku akikutana na mtu mzima mbaya, atamjibu nini?

Mnaona ni mambo madogo, mwanamke kukaa na watoto na kuwauliza kwa nini kuku hakuziba tundu. Mnasema ni michezo, udongo na magunzi. Mimi nasema mtoto aliyeruhusiwa kumhoji kuku wa kitabuni ndiye atakayeweza, siku ya shida, kumtaja nguchiro wa nyumbani. Sauti haichipui siku ya hatari. Hupandwa Jumamosi, polepole, kwa swali ambalo mkubwa hana jibu lake na haoni haya kusema hana.

Kwa hiyo tusiombwe tena kuwanyamazisha. Mtu akitaka ukumbi wake, apewe ukumbi. Akitaka ufunguo, huu hapa. Baridi tutaivumilia, magunia tunayo. Lakini sauti za watoto hawa hatutazikabidhi kwa kamati yoyote, hata iwe inaanza kikao kwa sala. Na tundu tutaliziba sisi wakubwa, kwa mikono yetu, kwa sababu si kazi ya kifaranga kuziba tundu. Kazi yake ni kutuonesha lilipo. Na yetu ni kumsikia.

Nimalizie na jambo moja, mnivumilie.

Nilipoanza niliwaambia kuhusu yule mzee. Nilisema aliwapenda watoto kiasi kwamba hakutaka kabisa kusikia sauti zao. Nikasema, semeni Amina. Nanyi mkaitikia, mbele na nyuma, wazee wa kanisa kwa sauti kuliko wote. Tuliitikia kama vifaranga, wapendwa. Amina ya kitu gani?

Si wote, lakini. Nilipotamka maneno yale, safu ya tatu upande huu, palinyooshwa mkono mdogo. Niliuona. Na niliuona mkono mkubwa ukiushusha.

Mama, hujafanya kosa ambalo sisi wengine hatulifanyi kila Jumapili. Ila sasa uachie mkono huo, tafadhali.

Simama, mwanangu, tunakusikiliza. Ulitaka kuuliza nini?